ANKARA YA FUNDI: MDAIWA ASIIKIMBIE MAHAKAMA YA MWANZO

Ziwa Tanganyika linapofunguliwa baada ya mapumziko ya uvuvi, bidhaa ya kwanza kufika sokoni Kigoma ni dagaa. Ya pili ni ankara za mafundi. Katika mialo ya Kibirizi na Katonga, na kwa maseremala wa vyombo kule Ujiji, miezi ya kufungwa ziwa ndiyo miezi ya kupandisha mitumbwi mchangani, kubadili mbao zilizooza, kutia kalafati, kufungua mashine na kupanga taa upya. Kazi yote hiyo hufanywa kwa haraka na, mara nyingi, kwa neno moja tu la makubaliano: "Tutaelewana."

Neno hilo limekuwa ghali. Mwenye chombo anapopata ankara kubwa kuliko alivyotarajia, hukasirika na kuacha kulipa hata sehemu anayojua anadaiwa. Fundi naye, baada ya kuzungushwa wiki kadhaa, huenda kufungua shauri la madai. Samansi inapofika, tajiri wa chombo huitia mfukoni na kwenda zake ziwani akiamini kwamba jambo dogo litajifia lenyewe. Hapo ndipo hasara yake inapoanza. Shauri ambalo angeweza kulishinda kwa nusu, au hata kwa theluthi mbili, hulipoteza lote kwa kutofika.

Hoja ya makala haya ni kwamba mfanyabiashara anayedaiwa ankara asiyoikubali hana sababu ya kuiogopa Mahakama ya Mwanzo, wala hana sababu ya kuidharau. Ndiyo mahakama iliyo karibu naye, inaendeshwa kwa lugha yake, na kanuni zake za ushahidi ni nyepesi. Haina huruma, hata hivyo, kwa mtu asiye na daftari.

MAHAKAMA YENYEWE

Tanzania Bara haina mahakama mahususi ya madai madogo kama walivyo nayo majirani. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2016, na mahakama hiyo ikaanza kazi Nairobi mwezi Aprili 2021. Kiwango chake ni madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Uganda ilitoa kanuni za madai madogo mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za huko.

Kwa mfanyabiashara wa Kigoma, kazi hiyo inafanywa na Mahakama ya Mwanzo, chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Baada ya marekebisho ya mwaka 2016 mahakama hizo zinasikiliza madai ya mali inayohamishika yasiyozidi shilingi milioni 30, na ya mali isiyohamishika yasiyozidi milioni 50. Ankara nyingi za mafundi wa mitumbwi, mashine, umeme na ujenzi mdogo zinaingia humo bila taabu.

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo. Hata baada ya sheria kulegezwa, wadai na wadaiwa wengi bado husimama wenyewe, na mfumo umejengwa kwa watu wa namna hiyo. Kiswahili ndiyo lugha ya shauri tangu mwanzo hadi hukumu. Mtu anayejua kueleza bei ya gunia la dagaa na kutetea hesabu zake mbele ya wanunuzi wa Kalemie au Bujumbura anao uwezo wa kueleza ankara mbele ya hakimu, ili mradi apange maelezo yake.

Kanuni za Ushahidi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1964, Tangazo la Serikali Na. 22, zinaweka mambo mawili ambayo kila mdaiwa anapaswa kuyajua. Kwanza, anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha dai lake, isipokuwa pale mdaiwa anapokubali. Pili, katika shauri la madai hakuna haja ya kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote kama katika jinai. Mahakama huangalia ushahidi wa upande upi una uzito zaidi. Maana yake kibiashara ni kwamba karatasi moja, ujumbe mmoja wa simu au shahidi mmoja aliyekuwepo anaweza kuubadilisha mzani.

MFANO WA MTUMBWI

Uchukuliwe mfano ambao wengi mwaloni watautambua, ingawa hautokani na shauri lolote lililosikilizwa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Mwenye mtumbwi wa dagaa anakubaliana na fundi, kwa mdomo, kazi ya kubadili mbao za ubavuni, kutia kalafati na kupaka rangi kwa shilingi 2,400,000. Anatuma 1,200,000 kwa simu. Baadaye anamkabidhi fundi 300,000 taslimu pale pale mchangani bila risiti. Makubaliano ni mtumbwi uwe majini siku ziwa linapofunguliwa.

Kazi inapoendelea, fundi anafungua sakafu ya chombo na kukuta mbao nyingine zimeoza. Anamwita mwenye mali.

"Tajiri, huku chini nako kumekwisha. Nikifunga hivi, utarudi kwangu kabla ya Krismasi."

"Endelea, fundi. Tutaelewana."

Mtumbwi unakabidhiwa tarehe 24 Agosti, siku tisa baada ya ziwa kufunguliwa. Ankara inakuja na jumla ya shilingi 3,950,000: zile 2,400,000 za awali, 1,100,000 za mbao za ziada, na 450,000 za kufunga nyaya na taa mpya. Fundi anatoa malipo ya simu peke yake na kudai salio la 2,750,000. Mwenye mtumbwi anasema anachodaiwa ni 900,000 tu, yaani bei ya awali ukitoa 1,500,000 alizokwisha kulipa.

Tofauti yao ni shilingi 1,850,000. Watu wawili wanaweza kugombana mwaka mzima juu ya fedha hizo bila kugundua kwamba ugomvi wao una vipande vitatu tu: mbao za ziada 1,100,000, taa 450,000 na taslimu 300,000. Utetezi mzuri huanza hapo, kwa kuikata ankara vipande na kujibu kila kimoja kwa hoja yake. Mdaiwa anayesimama na kusema "ankara yote ni ya uongo" hujiharibia, maana hakimu akishaona kwamba sehemu yake ni ya kweli, ataanza kuitilia shaka kauli yake yote.

KULIPA KISICHOBISHANIWA

Hatua ya kwanza ni ile ambayo wafanyabiashara wengi huiona ya ajabu: kulipa zile 900,000 mara moja, kwa njia yenye kumbukumbu, na kuandika kwamba ni malipo ya bei ya awali. Wapo wanaodhani kwamba kulipa sehemu ni kukiri deni lote. Ujumbe wa maandishi unaosema wazi kipi kinalipwa na kipi kinakataliwa unaondoa hofu hiyo.

Faida yake ni tatu. Dai linapungua, na hasara inayoweza kutokea inapungua nalo. Hakimu anamwona mdaiwa kama mtu anayebishania hesabu wala hakimbii deni. Na fundi, ambaye pengine alikwenda mahakamani kwa sababu tu alikuwa hajapata hata senti ya kulipa vibarua wake, huwa tayari kuketi na kuzungumza. Mashauri mengi ya aina hii humalizika kwenye benchi la nje ya mahakama kabla hayajaitwa.

MBAO ZA ZIADA

Hapa mwenye mtumbwi hupenda kusema: "Bei hiyo sikuikubali." Ni kweli, lakini utetezi huo hautoshi. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo ni mkataba kamili pale sheria isipodai maandishi. Aidha, kifungu cha 70 kinasema kwa maana yake kwamba mtu akimfanyia mwingine jambo halali bila nia ya kulifanya bure, na yule mwingine akafaidika nalo, huyo aliyefaidika atalipa fidia. Aliyesema "endelea" akiwa amesimama juu ya mbao zilizooza, na sasa anavulia chombo hicho hicho, hawezi kutoka mahakamani bila kulipa chochote.

Anachoweza kubishania ni kiasi. Palipokosekana bei iliyokubaliwa, swali linakuwa thamani halisi ya kazi, na thamani hiyo inapatikana sokoni. Mdaiwa aende kwa wauza mbao wa Mwanga na Gungu, apate bei ya maandishi ya mbao za aina na urefu ule kwa kipindi kile. Amwombe fundi mwingine aukague mtumbwi na kuhesabu mbao mpya zilizowekwa. Ikiwa ankara inasema mbao kumi na mbili na chomboni zinaonekana nane, hoja hiyo ina nguvu kuliko kelele zote. Ikiwa ankara imeongezewa VAT, ni haki yake kumtaka fundi aonyeshe usajili wake wa kodi hiyo, kwa sababu asiyesajiliwa hana mamlaka ya kuitoza.

TAA

Kwa taa hali ni tofauti. Ikiwa hakuna aliyeziagiza, fundi ndiye atakayepaswa kueleza kwa nini alizifunga. Mwenye mtumbwi ana nafasi nzuri, mradi asiiharibu mwenyewe. Akizitumia taa hizo kila usiku, anafaidika nazo, na kifungu kile kile cha 70 kitamrudia. Njia salama ni kumwandikia fundi siku ile ile ya kupokea chombo: taa hazikuagizwa, azifungue na kuzichukua ndani ya siku kadhaa, la sivyo zitahifadhiwa kwa niaba yake. Ujumbe huo ukiwa na tarehe ni ushahidi. Maneno yanayosemwa miezi minne baadaye mbele ya hakimu, wakati taa bado zinawaka chomboni, hayana uzito.

TASLIMU BILA RISITI

Shilingi 300,000 zilizokabidhiwa mchangani ndizo zinazouma zaidi, kwa kuwa zilitoka kweli na hazionekani. Hapa mzigo unamgeukia mdaiwa, maana yeye ndiye anayesema amelipa. Atahitaji shahidi aliyeona, kwa mfano nahodha wake au mama aliyekuwa akianika dagaa jirani, na shahidi huyo afike mwenyewe kueleza. Atahitaji pia daftari lake la kila siku, ikiwa analo, lenye ingizo la siku hiyo kati ya maingizo mengine ya kawaida. Daftari lililoandikwa kwa kalamu moja usiku wa kuamkia shauri hutambulika upesi.

Kumbukumbu za miamala ya simu nazo zisaidie. Akiweza kuonyesha kwamba alitoa 300,000 kwa wakala wa Kibirizi saa moja kabla ya makabidhiano, hoja yake inapata mwili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za aina hii kama ushahidi. Asifute ujumbe, asibadili simu bila kuhifadhi yaliyomo, na apate taarifa ya miamala iliyochapishwa na kampuni ya simu.

SIKU TISA ZILIZOPOTEA

Wamiliki wengi wa vyombo hutaka kuifuta ankara yote kwa hoja ya kuchelewa. "Nilikosa kuvua siku tisa, basi tumelipana." Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinaruhusu fidia kwa hasara iliyotokana kwa kawaida na kuvunjwa kwa mkataba, au ile ambayo pande zote zilijua tangu awali kwamba ingetokea. Fundi wa mwaloni hawezi kusema hakujua maana ya tarehe 15 Agosti. Kwa hiyo hoja ni halali.

Hesabu yake ndiyo huwa mbovu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hubaki ufukweni kwa sababu taa haziwavuti samaki. Mwaka 2024 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19 Agosti, siku nne tu baada ya ziwa kufunguliwa. Anayedai usiku tisa wa mapato kamili kati ya tarehe 15 na 24 ataulizwa swali moja na fundi, ambaye ni mtu wa ziwani pia: "Usiku huo wenzako walivua?" Asipokuwa na jibu, dai lote la kuchelewa litaanguka pamoja na heshima yake.

Ni afadhali aje na usiku mbili au tatu anazoweza kuzithibitisha, akiwa na shahidi mwenye mtumbwi wa ukubwa ule ule aliyeingia ziwani usiku huo na kuuza mwaloni asubuhi yake. Atoe pia gharama ambazo hakuzitumia, kama mafuta na posho za wavuvi. Na dai hilo asilifiche hadi siku ya hukumu. Alitaje mapema mbele ya hakimu na kuomba utaratibu wa kuliingiza kwenye kumbukumbu.

SIKU YA KUITWA

Jambo moja linazidi yote hayo, nalo ni kufika. Mdaiwa aliyepewa samansi ipasavyo asipotokea, mahakama inaweza kumruhusu mdai athibitishe dai lake upande mmoja, na hukumu ikatoka. Kuiomba mahakama iifute hukumu hiyo kunahitaji sababu ya maana na haraka. "Nilikuwa ziwani" haipokelewi kwa urahisi kutoka kwa mtu aliyeipokea hati mkononi. Mwenye safari ya lazima ya Uvira au Kalemie aiarifu mahakama kabla ya kuondoka, na kwa maandishi.

Asiyeridhika na hukumu anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Baada ya hapo ipo Mahakama Kuu. Lakini rufaa kwa kawaida hupima yale yaliyosemwa chini. Kielelezo kilichosahaulika nyumbani Ujiji hakitaokolewa kirahisi huko juu. Na aliyeshindwa kwa haki, akiwa hana fedha kwa mkupuo, ni heri aombe kulipa kwa mafungu kuliko kungoja chombo kikamatwe msimu ukiwa umechangamka.

UPANDE WA FUNDI

Ingekuwa upungufu kumtetea mdaiwa tu. Mji wa Kigoma umeishi kwa ufundi wa vyombo tangu meli ya Graf von Götzen, leo Liemba, ilipoungwa hapo kwa vipande na kushushwa majini mwaka 1915. Seremala anayejua kusoma maji ya Tanganyika na kuziba mtumbwi usivuje haokotwi njiani. Akizungushwa na matajiri watatu katika msimu mmoja, msimu unaofuata atadai malipo yote mbele, au ataongeza bei kwa kila mteja ili kufidia wasiolipa. Hapo mlipaji mwaminifu anakuwa anamlipia deni mkwepaji. Kuchelewesha ankara ya haki ni kupandisha gharama za mwalo mzima, na gharama hizo huishia kwenye bei ya dagaa.

Mwekezaji mdogo aliyeko Dar es Salaam au Tabora, anayetia fedha katika mtumbwi wa ndugu au rafiki, anapaswa kulijua hili. Kabla ya kuuliza mtumbwi unaingiza kiasi gani kwa mwezi wa giza, aulize ankara zipi hazijalipwa na zipi ziko mahakamani. Hukumu ya fundi inaweza kula faida ya msimu kabla mwekezaji hajaona senti.

KARATASI MOJA

Ujiji ina somo la zamani kuhusu mambo haya. David Livingstone aliporudi hapo mwezi Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na amechoka, alikuta mali iliyotumwa kwa ajili yake imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Alikuwa na haki, lakini kurejeshewa mali hakukuwezekana. Miaka zaidi ya 150 imepita, na mfanyabiashara wa ufukwe ule ule sasa ana mahakama karibu na simu mfukoni. Kisingizio hana.

Dawa haihitaji wakili. Ni karatasi moja yenye kazi, bei, tarehe ya kukabidhi na sahihi mbili, ikipigwa picha na kila upande kubaki na nakala. Ni malipo yote kupitia simu au kwa risiti. Na ni kuliondoa lile neno la mchangani: fundi akikuta mbao nyingine zimeoza, atume ujumbe wenye bei, na tajiri ajibu ndiyo au hapana kabla msumari haujapigwa. Ujumbe wa namna hiyo haugharimu hata bei ya kikombe cha chai, na ungemaliza ugomvi wa shilingi 1,100,000 kabla haujazaliwa.

Serikali kwa upande wake ingefanya vema kuangalia walichofanya Kenya na Uganda, hasa ukomo wa siku 60, kwa sababu msimu wa dagaa haumngojei hakimu. Hadi hapo, wenye vyombo wa Kibirizi, Katonga na Ujiji wanayo mahakama iliyopo, na wanao msemo uliokwisha kuwaonya siku nyingi: mali bila daftari hupotea bila habari.